Silva na Mwenzi Asiyealikwa

Wadogo zangu wa maabara, mmenisumbua niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau, haya basi. Ila nawaonya mapema, hamtakuta humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza yaliyonishtua, kwa sababu nikikaa hapa barazani kwangu Nyasubi, bila koti jeupe wala miwani ya kujikinga, naona hayo ndiyo yaliyobaki kichwani. Na moja kati ya hayo sijalizoea mpaka leo, maana aliyelisababisha ni mimi.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Cheti changu cha ufundi wa maabara kilikuwa kwenye bahasha kwapani, nikitegemea kukabidhiwa hadubini. Mzee Masalu, fundi mkuu wa upimaji dhahabu, aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akasema, "Binti, hapa tunapika." Akanipeleka kwenye tanuru. Alipofungua mlango wake joto lilinipiga nikarudi nyuma hatua tatu. Ndani vilikuwa vimepangwa vikombe vidogo vya majivu ya mifupa, kila kimoja kina tone la madini ya risasi yaliyoyeyuka.

"Angalia hicho cha mwisho," aliniambia. "Usipepese."

Kikombe kilikuwa kinainywa risasi taratibu na tone likipungua, mpaka ikabaki punje ndogo kuliko mtama. Halafu punje ile iling'aa ghafla, mwanga mweupe wa mara moja, ikatulia. Nilipiga yowe. Nilidhani imelipuka. Waliokuwemo walicheka mpaka wakashika meza, na kwa miaka miwili niliitwa Mama Yowe, hata kabla sijawa mama wa mtu. Kumbe ule mwanga ndiyo dalili kwamba risasi imekwisha, na kilichobaki ni dhahabu na silva tu.

Mzee Masalu alinifundisha yote ninayoyajua. Alinifundisha kwamba dhahabu huongezewa silva kwa makusudi ili asidi ya naitriki ipate njia ya kuingia, iile silva yote, iiache dhahabu safi tuipime. Alinifundisha kutomwaga yale maji yanayobaki, kwa kuwa silva imo humo, nayo hurudishwa. Tukiirudisha tulitengeneza silva naitreti, ambayo ndiyo tunayopimia sayanaidi kwenye maji ya wenye elusheni, wale wanaochenjua dhahabu kwa sayanaidi. Unadondosha tone kwa tone. Sayanaidi ikiwepo, maji yanabaki meupe. Ikikwisha, wingu linatokea na unafunga bomba la kioo. Nililipenda lile wingu. Hata leo nikiona chai inachafuka kwa maziwa, mkono wangu hutafuta bomba.

Wateja nao walikuwa na yao. Yupo mzee mmoja wa Buseresere aliyekuwa akituletea mifuko ya marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, kila mfuko una jina la mwalo wake, yaani pale ulipooshewa. Kwa mwaka mzima majibu yake yalikuwa yanafanana, nasi tukawa tunaumia vichwa tukidhani mizani imeharibika. Siku moja akaja anacheka, akatuambia mifuko yote aliichota kwenye lundo moja nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anatupima sisi. Nilishtuka, nikakasirika, kisha nikamheshimu. Tulifaulu, lakini nilikaa wiki nzima nikijiuliza ni wangapi wengine wanatupima bila kutuambia.

Sasa nifike kwenye lile jambo la kuunganisha chupa. Asidi zilikuja kutoka mbali na kwa vibali, na kibali kinaweza kulala ofisini kuliko mgonjwa wodini. Kwa hiyo hakuna aliyetupa masalio. Chupa mbili zenye robo robo zilikuwa zinamiminwa ziwe moja yenye nusu. Tatizo ni kwamba mvuke wa asidi hula karatasi. Baada ya miezi michache maandishi yanababuka na chupa inabaki uchi. Mzee Masalu alikuwa na dawa yake. Alichovya kipande cha waya wa shaba kwenye matone machache ya asidi ndani ya kisahani. Moshi wa kahawia ukipanda, alisema, "Naitriki hiyo. Unganisha." Nami nikaunganisha, nikabandika karatasi mpya, nikaandika jina kwa herufi kubwa. Alipoondoka kazini aliniachia ule waya kama mtu anayegawa urithi. Nilijivuna nao kweli.

Humo humo maabara tulikuwa na asidi nyingine, perkloriki, ya kuyeyushia mawe yasiyosikia. Chupa yake ni umbo lile lile, rangi yake ni maji yale yale. Ilitakiwa ikae kabati lake peke yake. Ilitakiwa, nasema.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo alipokuja Nkwimba. Ni binti wa mfugaji wa huko Segese, amesoma mpaka alikuwa anaandika tasnifu ya udaktari wa kemia. Sisi tulimwita Daktari kabla chuo hakijamwita, naye hakukataa. Meneja alimpa meza pembeni ya dirisha na mimi nikapewa kazi ya kumsaidia.

"Mama Shija," aliniambia siku ya kwanza, baada ya shikamoo, "ninyi mnaiyeyusha silva. Mimi naijengea nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kufungia uchafu wa kwenye maji."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Saa ya chakula akamwaga karanga zangu mezani na kuomba kiberiti. Karanga ni silva, alisema, na njiti ni molekuli yenye mikono miwili, mmoja kila upande. Akapanga karanga, njiti, karanga, njiti, mpaka mwisho wa meza. "Mnyororo huu una chaji chanya," akasema. "Hauwezi kutulia peke yake. Lazima kuwe na ioni hasi za kukaa nao pembeni. Tunaziita ioni wenza."

"Wapangaji," nikamwambia.

"Wapangaji, sawa. Ila hawa ndio wanaoamua nyumba ijengweje."

Hapo nilibisha. Mpangaji wa wapi anayempangia mwenye nyumba ukuta? Akanieleza kwa subira. Naitreti ni bapa, ina pembe tatu, na huishika silva kidogo kwa pembeni. Minyororo inalala kwa namna moja na fuwele zinatoka kama sindano. Weka ioni nyingine, ya mviringo mviringo, isiyoshika kitu, inayojaza nafasi tu, minyororo ile ile inasogezwa, inalala kwa namna nyingine kabisa. Silva ile ile, njiti zile zile. Miaka yote nimeimimina naitreti kwenye vikombe, nikiidhani ni mkia tu wa silva, kumbe ndiyo inayopanga watu ndani.

Kesho yake akanionyesha kwa macho. Alisaga sindano zake zikawa unga mweupe, akautia kwenye chupa ya maji ya pamanganeti, yale ya zambarau ya kuoshea mboga. Akatikisa, akaiacha. Baada ya muda maji yakawa meupe na unga chini ukawa wa zambarau. Naitreti imehama, pamanganeti imehamia. Nilipiga yowe mpaka mlinzi wa getini akaja kuangalia. Nkwimba alicheka, akaniambia lengo lake ni siku moja kusafisha maji ya watu hivi hivi. Tangu siku hiyo nilimpenda kama niliyemzaa.

Silva naitreti yake ya dukani ilikwisha katikati ya kazi, na kibali cha nyingine kikalala. Nikamwambia, "Mwanangu, unahangaika na nini? Silva hapa tunayo." Nikachukua silva safi tuliyoirudisha wenyewe, nikaiyeyusha kwa asidi kutoka kwenye chupa niliyoiunganisha wiki ile. Nilikuwa nimeipima kwa waya wa shaba. Moshi wa kahawia ulipanda vizuri tu. Nikamkabidhi kimiminika cha silva yake, naye akanishukuru kwa kupiga goti.

Safari hiyo hazikutoka sindano. Zilitoka bapa nyembamba zinazometameta, nzuri ajabu. Nkwimba alinishika mikono tukazunguka meza tunacheza. Alisema ni ubaridi wa sanduku la mchanga alimowekea tyubu za kukuzia fuwele. Mimi nikasema ni mvua zilizochelewa. Tulitoa sababu zote isipokuwa chupa. Akatuma chache chuo kimoja cha nje wazipige eksirei waone minyororo imelalaje, nyingine tukazikausha kwenye oveni ya moto mdogo. Kwa majuma kadhaa tulizikwangua kutoka kwenye kioo kwa kijiko cha chuma, tukipiga soga.

Asubuhi moja simu yangu ikaita kwa namba ngeni. Alikuwa Nkwimba. Alikwenda shule moja ya sekondari nje ya Segese kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita yale maji ya zambarau.

"Shikamoo Mama Shija. Simu yangu imezima chaji, hii ni ya mlinzi wa hapa, Mzee Maduhu. Majibu ya eksirei yakifika yasome, nitakupigia nikimaliza. Leo nazisaga zile bapa, tuone kama nazo zinakula zambarau."

"Marahaba. Haya, mwanangu, kazi njema."

Majibu yalifika kabla chai yangu haijapoa. Barua pepe ilikuwa fupi. Ilisema bapa ni nzuri, minyororo ni kweli ni ya silva, lakini kati yake hakuna naitreti hata moja. Kuna perkloreti, ioni ya ile asidi ya perkloriki. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: msizisage zikiwa kavu, msizipashe moto, msizikwangue kwa chuma.

Nilianza kwa kukasirika. Nikasema hawa wamechanganya sampuli, sisi perkloreti tumeitoa wapi? Nikasimama niende kwenye kabati niwathibitishie. Nilikuwa katikati ya chumba nilipokumbuka. Moshi wa kahawia. Naitriki ikichanganywa na perkloriki bado inatoa moshi ule ule. Waya wa shaba unakuambia kwamba naitriki imo. Haukuambii ni nani mwingine yumo. Nilikuwa nimeunganisha masalio ya chupa mbili zilizobabuka, moja ikiwa ya perkloriki, nikampa mwanangu. Na perkloreti ikifungiwa pamoja na zile molekuli za njiti, umefungia moto na kuni ndani ya chumba kimoja. Mchi ukigonga, chumba kinafumuka. Sisi tulikuwa tumezikausha, tumezikwangua, tumecheza nazo.

Nilimpigia Nkwimba. Imezimwa. Nikapiga ile namba ngeni.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mzee ikaniamkia kwa Kisukuma, kwa utulivu wa mtu aliyeketi kivulini.

"Kimbia darasani! Mwambie Nkwimba asisage!"

Kisha, taratibu, akinipa nafasi ya kujirekebisha, "Mayu, mwangaluka."

"Baba, acha salamu! Mwambie asisage! Aweke mchi chini!"

Wadogo zangu, ninyi mliozaliwa mjini mnaweza msielewe. Sijawahi maishani kumkatia mtu mzima salamu. Kwetu hata anayeleta habari za msiba husimama kwanza mlangoni, mnaulizana mhola, mnajibizana mhola duhu, salama tu, ndipo aseme nani amefariki. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Halafu simu ikaanguka, na ndara zikakimbia juu ya changarawe, pa pa pa, zikapotea.

Niliishikilia simu sikioni. Nilisikia kuku. Nilisikia upepo. Nilikuwa nasubiri mlipuko, hiyo ndiyo kweli, na kila sekunde nikauona uso wa Nkwimba bila macho. Nililia bila sauti, nimesimama, watu wa maabara wananitazama hawajui waulize nini.

Kilichotokea darasani walinieleza baadaye. Bapa zilikuwa zimo ndani ya kinu cha kaure na mchi ulikuwa mkononi mwa Nkwimba. Wanafunzi walikuwa wamesogea kuzunguka meza, mmoja wa mbele ameegemeza daftari kwenye kinu chenyewe. Mzee Maduhu aliingia bila kubisha hodi, anahema. Hakujua kemia wala hakujua silva. Alisema kitu kimoja alichokuwa na uhakika nacho.

"Mama wa maabara amekataa salamu. Anasema usisage."

Wanafunzi walicheka. Nkwimba naye alianza kucheka. Kisha akauliza, "Mama Shija? Amekataa salamu?"

"Mara mbili."

Akauweka mchi mezani taratibu, akawaambia wanafunzi watoke mmoja mmoja bila kugusa meza. Akabaki yeye. Akamimina maji ndani ya kinu, kidogo kidogo pembeni, mpaka bapa zote zikazama. Ndipo akatoka.

Mzee Maduhu alipoiokota simu aliniambia, "Mzima." Hilo tu. Nikaenda kuomba gari.

Gari la maabara lilinifikisha Segese baada ya mwendo wa saa nzima, na sikumbuki hata kijiji kimoja tulichopita. Nilimkuta Nkwimba ameketi kwenye ngazi za darasa pamoja na mzee yule. Nilimsalimia Mzee Maduhu kwanza, salamu nzima, mpaka ya mifugo yake, nikamwomba radhi. Alisema hana kinyongo. "Mtu mzima asiposalimia, ujue kuna mtu anakufa," alisema. "Sikuwa na haja ya kuuliza nani."

Nkwimba aliisoma barua kwenye simu yangu mara mbili.

"Perkloreti imetoka wapi, Mama?"

Nikamweleza kuhusu masalio, karatasi zilizobabuka, waya wa shaba na moshi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliunganisha?"

"Mimi."

Nilitaka anifokee. Ningepona kama angenifokea. Aliangalia uwanja wa shule, ambako wale wanafunzi sasa walikuwa wanacheza mpira kama vile siku ni siku. Leo tasnifu yake imekwisha kukamilika, na sura ya zile bapa imo, na kosa langu limo limeandikwa kwa lugha ya adabu. Lakini siku ile hakutaja tasnifu kabisa.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja tu, mwanangu. Ile silva yako tu."

Akatikisa kichwa. "Siulizi silva yangu, Mama Shija. Nauliza chupa. Miaka yote hiyo, umeunganisha mara ngapi?"



Kesho yake asubuhi meneja alifungua kabati la asidi mbele yetu sote. Zilitoka chupa kumi na moja, akazipanga sakafuni mstari mmoja. Zote zilikuwa na karatasi safi, herufi kubwa zilizonyooka, NAITRIKI, NAITRIKI, NAITRIKI, mwandiko wangu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, ipi kati ya hizo ni naitriki tupu. Nilizitazama moja moja, nikamwambia sijui.